Gari la Umeme Linalala Wapi?

Saa saba za usiku, Nairobi nzima ikiwa imelala, visima vya Olkaria karibu na Naivasha huwa vinapumua mvuke uleule vinaopumua adhuhuri. Joto la ardhini halina mchana wala usiku. Wanunuzi wa stima ndio wanaopungua: viwanda vingi vimefunga, ofisi ziko gizani, pasi na majiko yamezimwa. Mitambo ya kwanza ya Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo mvuke ndio chanzo kikubwa kuliko vyote katika gridi ya Kenya, takriban asilimia 40. Hata hivyo, usiku sehemu ya mvuke huo huachiliwa ukapotelea hewani kwa kukosa wa kuutumia.

Saa hizohizo, kutoka Kitengela hadi Ruaka, maelfu ya magari yamesimama tu yakisubiri mapambazuko. Anayenunua SUV ya umeme anayakutanisha mambo haya mawili: umeme usio na mnunuzi na gari lisilo na kazi. Ndiyo sababu swali ambalo wanunuzi huliuliza kwanza, iwapo ni nafuu kuchajia nyumbani au kwenye kituo cha umma, lina jibu jepesi kwenye karatasi na gumu mtaani. Kwa hesabu, nyumbani hushinda karibu kila mara. Kinachoamua kama ushindi huo utakufikia ni mahali gari lako linapolala.

Hesabu ya shilingi

Tuchukue BYD Atto 3, mojawapo ya SUV za umeme zilizoanza kuuzwa rasmi Nairobi mwaka 2024. Toleo lake lenye betri kubwa hubeba kilowati-saa 60.48, na kwa vipimo vya Ulaya linatajwa kwenda kilomita 420 kwa chaji moja. Vipimo vya maabara havina vilima vya Limuru wala abiria watano na mizigo, kwa hivyo tuseme gari hili linakula uniti 18 (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa kila kilomita 100. Umeme mwingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji, hivyo mita ya nyumbani itasoma karibu uniti 20.

Mwenye kuendesha kilomita 1,000 kwa mwezi atahitaji basi uniti 200. Mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi hulipa karibu shilingi 30 kwa uniti, kodi na tozo zikiwa zimejumlishwa. Jumla yake ni shilingi 6,000. SUV ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita itahitaji lita 100 kwa mwendo huohuo. Mwishoni mwa 2025 lita moja ya petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 184.52, yaani zaidi ya shilingi 18,000 kwa mwezi.

Sasa tuje kituoni. Anayekiendesha ana kodi ya kiwanja ya kulipa, mashine ya mamilioni ya kurejesha gharama yake, na faida ya kutafuta. Lazima auze umeme kwa bei ya juu kuliko anayoununulia. Tuseme anatoza shilingi 60 kwa uniti, maradufu ya nyumbani. Mwezi wa kilomita 1,000 utakugharimu karibu shilingi 11,000. Bado umempiku mwenye petroli, lakini asilimia 40 hivi ya nafuu uliyotarajia imebaki kituoni.

Jambo hili si la Kenya pekee. Uingereza, umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5 ilhali ule wa kituo cha umma hutozwa asilimia 20. Mwenye nyumba yenye uga hulipa kidogo, na anayeegesha kando ya barabara hulipa zaidi kwa umeme uleule.

Plagi gani?

Njia ya kwanza ya kuchajia nyumbani ni soketi ya kawaida ya pini tatu. Chaja ya kubebeka inayochomekwa hapo kwa kawaida huvuta kama ampea 10, sawa na kilowati 2.3 hivi. Kwa kasi hiyo, betri tupu ya Atto 3 itachukua zaidi ya saa 26 kujaa, na mnunuzi akisikia hivyo hukata tamaa. Lakini ni nani hurudi nyumbani na betri tupu kila siku? Anayetoka Syokimau kwenda Upper Hill na kurudi hutumia uniti saba au nane, na soketi hiyohiyo huzirudisha kwa saa tatu na nusu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Gari nalo, lizunguke mji litakavyo, litarudi kulala, na lililalapo ndipo penye muda mwingi wa kulilisha.

Soketi ina hatari yake. Birika la umeme huvuta nguvu kama hiyo kwa dakika chache tu, ilhali gari huivuta saa nyingi mfululizo, usiku baada ya usiku. Waya mwembamba, soketi iliyolegea au waya wa nyongeza uliopitishwa dirishani hupata moto polepole bila mtu kuona. Kwa hivyo laini ya gari iwe peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi, iwe na ethi inayofanya kazi na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, wala si jirani anayejuajua stima.

Njia ya pili ni chaja ya kufungwa ukutani, ambayo kwenye laini moja ya volti 240 hutoa kilowati 7 hivi. Hiyo hujaza betri yote kwa saa tisa. Hapa kinachohitaji kupimwa ni uwezo wa nyumba. Nyumba nyingi za Nairobi zina shawa ya umeme inayovuta kilowati tano au zaidi. Shawa mbili, jiko na gari vikiwashwa pamoja saa mbili usiku, swichi kuu itajikata na nyumba yote ibaki gizani. Dawa yake haina gharama: gari lenyewe, au chaja, huwekewa saa ya kuanza, na saa hiyo iwe baada ya wote kuoga na kulala.

Mita, bendi na tokeni

Kuna jambo moja kwenye bili ambalo wauzaji wa magari hawalitaji. Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani katika bendi tatu kulingana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi uniti 30, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Familia inayotumia uniti 80 kwa mwezi iko bendi ya kati. Ikiongeza uniti 200 za gari, itahamia bendi ya juu, na huko si umeme wa gari tu unaopanda bei. Uniti za friji, taa na televisheni nazo hulipiwa kwa kiwango kipya. Anayepiga hesabu ya gari aiweke gharama hiyo ndani.

Wenye mita za tokeni wana lao pia. Gari likivuta uniti 25 kwa usiku, tokeni zilizozoea kumaliza wiki zitaisha saa tisa alfajiri, na pamoja na gari, friji nayo itazimika. Ni vyema kuangalia salio kabla ya kuchomeka, na kununua tokeni kwa M-Pesa mapema kuliko ilivyokuwa desturi.

Nafuu kubwa zaidi imewekwa kwenye kiwango maalumu. Mnamo Aprili 2023, EPRA iliweka bei ya umeme wa kuchajia magari kwa wateja wasiozidi uniti 15,000 kwa mwezi: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa za mahitaji madogo, ambazo siku za kazi ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Juu ya bei hizo huongezwa tozo za mafuta na fedha za kigeni, kodi na ada nyingine. Hata hivyo, tofauti na bei ya nyumbani ni kubwa. Kiwango hiki kinahitaji mita iliyotengwa kwa ajili ya kuchaji tu, na ndiyo maana kinawafaa zaidi wenye mabasi, wenye pikipiki nyingi na wenye vituo. Mwenye SUV moja anapaswa kulinganisha gharama ya kuunganishiwa mita ya pili na akiba atakayopata kwa mwaka.

Saa hizo za usiku zina maana kwa taifa pia. Mahitaji ya stima nchini hupanda kwa kasi kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku, watu wanaporudi nyumbani kupika na kuoga. Gari likichomekwa saa moja jioni linaongeza mzigo kwenye gridi iliyoelemewa, saa ambazo mitambo ghali ya mafuta huwashwa ili kuziba pengo. Likisubiri saa nne, linakula mvuke wa Olkaria.

Kituoni mambo ni mengine

Vituo vya umma navyo si vya aina moja, na wengi hawalijui hilo hadi wafike. Betri huhifadhi umeme wa mkondo mmoja, ilhali gridi hutoa mkondo geugeu. Nguzo nyingi zilizo kwenye maegesho ya maduka makubwa hutoa mkondo geugeu, na kazi ya kuubadilisha huachiwa kifaa kilicho ndani ya gari. Kifaa hicho ndicho kinachoamua kasi. Nguzo inaweza kuandikwa kilowati 22, lakini gari lenye kifaa cha kilowati 7 litapokea 7 tu. Ukikaa dukani saa mbili utatoka na umeme wa kilomita 70 hivi, ambao ungeupata pia kwenye ukuta wa nyumbani ukiwa umelala.

Chaja za kasi hubadilisha umeme zenyewe na kuusukuma moja kwa moja ndani ya betri. Atto 3 inaweza kupokea kilowati 80 au zaidi kidogo kwa njia hiyo, na kutoka asilimia 20 hadi 80 ni kazi ya chini ya saa moja. Ikipita asilimia 80, gari lenyewe hupunguza kasi ili kuikinga betri, na dakika zinazofuata huleta umeme kidogo. Kwa hivyo mjuzi huondoka kwenye 80 na kumpisha mwingine.

Kisha kuna suala la vichwa vya nyaya. Nissan Leaf zilizotumika, zinazoletwa kutoka Japani, hutumia CHAdeMO kwa kuchaji kwa kasi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa masoko ya nje hutumia CCS2. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Uchina na kuletwa na waagizaji binafsi huja na GB/T. Ukifika kituoni na kichwa kisichoingia, umefika bure. Anayenunua SUV ya mkono wa pili aangalie tundu la kuchajia kabla hajaangalia rangi na viti.

Kituo pia ni biashara, na biashara hufa. NopeaRide ilianza teksi za umeme jijini Nairobi mwaka 2018, ikaweka chaja zake katika maduka makubwa, na kwa muda ikawa ndiyo sura ya gari la umeme mjini. Mwishoni mwa 2022 ikafunga shughuli baada ya kampuni mama nchini Finland kufilisika. Anayetegemea kituo pekee anategemea pia hesabu za mwenye kituo.

Barabara ya Mombasa

Kuna mahali ambapo nyumbani hakusaidii, napo ni safari ndefu. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Kwa uniti 18 kwa kilomita 100, safari hiyo inahitaji karibu uniti 86, na betri ina 60. Lazima usimame njiani.

Kwenda na kurudi hakulingani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya Mombasa. Kulipandisha gari la karibu tani mbili pamoja na abiria hadi kimo hicho kunahitaji uniti tisa hivi, mbali na zile za mwendo wenyewe. Kwenda pwani, mteremko hurudisha sehemu yake, kwa sababu mota ya gari la umeme hugeuka jenereta unapolegeza mguu. Kurudi, unazilipa zote. Kwa hivyo dereva aliyejaza kikamilifu kabla ya kuondoka atahitaji kuongeza kama uniti 30 akishuka, na kama 45 akipanda, akitaka kufika na akiba kidogo.

Chaja ya kasi ikiwepo na ikiwa nzima, hicho ni kituo kimoja cha chakula maeneo ya Mtito Andei, nusu ya njia, ambako mabasi na malori yamekuwa yakipumzika kwa miaka mingi. Ikiwa kinachopatikana ni kilowati 7 za hoteli, kituo hichohicho ni saa nne za kwenda na zaidi ya saa sita za kurudi. Hapa chaja ya umma inastahili kila senti inayotoza. Piga simu kabla ya kuondoka, uliza kama inafanya kazi na kichwa chake ni kipi, na usiingie barabara hiyo bila mahali pa pili pa kukimbilia.

Stima ikipotea

Wakenya hawajasahau Ijumaa ya Agosti 25, 2023, giza lilipoifunika karibu nchi nzima, na wapo waliokaa nalo hadi siku iliyofuata. Je, mwenye gari la umeme afanyeje siku kama hiyo? Anayechajia nyumbani kila usiku hukutwa na betri yenye chaji ya siku kadhaa, naye huendelea na shughuli zake. Anayengoja ishuke hadi asilimia 10 ndipo aende kituoni hukutwa mikono mitupu, kwa maana kituo nacho kimezimika.

Zaidi ya hapo, Atto 3 na baadhi ya SUV mpya zinaweza kutoa umeme nje kwa kutumia adapta yake. Nyumba inayotumia uniti tano kwa siku kwa friji, taa na intaneti inaweza kukaa siku kadhaa kwenye betri ya gari, bila kelele wala moshi wa jenereta.

Ploti yenye magari saba

Tumefika sasa kwenye ugumu tulioutaja mwanzoni. Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji. Wanaishi ghorofa ya tatu au ya nne, na gari liko chini kwenye maegesho ya pamoja, mbali na mita yao. Hawawezi kutoboa ukuta usio wao. Mwenye jengo anahofia bili, na mlinzi anahofia waya anaouona unaning'inia. Mpangaji huyu ndiye anayesukumwa kituoni na kulipa bei ya juu, ingawa umeme wa usiku unapita kwenye nyaya za jengo lake.

Inadhaniwa kwamba kumsaidia kunahitaji chaja kwa kila gari na transfoma mpya. Hebu tupige hesabu. Chaja moja ya kilowati 7, ikifanya kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hutoa uniti 56. Ukiondoa zinazopotea, betri hupata kama 50, nazo ni kilomita 280. Gawanya kwa siku saba: ni kilomita 40 kwa siku, mwendo wa kawaida wa mfanyakazi wa mjini. Maana yake, chaja moja inatosha SUV saba, kila moja na usiku wake katika wiki. Hakuna wa kuamka usiku kusogeza gari, wala mzigo unaozidi shawa moja au mbili za umeme, tena saa ambazo hakuna anayeoga.

Utaratibu wa kulipana nao upo tayari. Wenye ploti wengi wameshaweka mita ndogo za tokeni kwa stima na hata kwa maji, kila mpangaji akilipia alichotumia. Mita kama hiyo kwenye nguzo ya maegesho humwondolea mwenye jengo hofu ya bili, na akiongeza faida ya haki juu yake, gharama ya chaja itarudi taratibu. Jengo likiwa na magari kadhaa, hata mita maalumu ya kiwango cha EPRA huanza kuwa na maana, kwa kuwa gharama yake inagawanywa.

Serikali nayo ina la kufanya. Rwanda, ilipotangaza nafuu za magari ya umeme mwaka 2021, haikuishia kwenye kodi za kuingizia magari. Iliahidi ardhi ya umma bila malipo kwa vituo vya kuchajia, bei ya umeme isiyozidi ya viwanda vikubwa, na nafasi ya chaja ndani ya kanuni za ujenzi na mipango ya miji. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaleta bei ya shilingi 8 za usiku. Kilichobaki ni kuifikisha bei hiyo kwenye maegesho ya majengo ya kupangisha. Bomba tupu la kupitishia waya, likiwekwa wakati jengo linajengwa, ni gharama ndogo, ilhali kuvunja zege baadaye ni gharama ambayo hakuna mwenye ploti atakayeikubali.

Kwa mnunuzi, basi, mpangilio wa maswali ubadilike. Kabla ya kulipa arbuni na kabla ya kujadili kilomita za betri, nenda kwa mwenye nyumba na hesabu ya magari saba na usiku saba. Akikubali, umepata kituo cha nafuu kuliko vyote mjini. Akikataa, gari bado laweza kukufaa, mradi umelinunua ukijua kwamba umeme wako utakuwa wa bei ya kituoni, na umeiweka bei hiyo kwenye bajeti tangu mwezi wa kwanza.